Gari Moja, Madereva Wawili



Jumapili chache zilizopita nilikuaga katika ukurasa huu nikasema ninakwenda kuiona Namibia pamoja na mama watoto, kijana wetu wa kwanza na kitindamimba wetu, tukiwa katika gari la kukodi tunaloliendesha wenyewe, bila dereva wala kiongozi wa watalii. Tangu turejee nimepokea salamu na maswali mengi. Wapo wanaouliza habari za simba na tembo, wapo wanaotaka kujua kama ni kweli kwamba kule jangwa na bahari hugusana, na yupo mama mmoja wa Tabora aliyeniandikia swali fupi kuliko yote: "Je, mlirudi mkiongea?" Bila shaka mama huyo naye amewahi kusafiri mbali na jamaa zake ndani ya gari moja. Nitamjibu yeye, na wengine watayaokota majibu yao njiani.

Kwanza, kwa nini Namibia? Nyumba yetu haiko mbali na Barabara ya Sam Nujoma, ile itokayo Mwenge kwenda Ubungo, na kila siku maelfu ya watu hulitamka jina hilo wakimwambia kondakta mahali pa kushuka. Vijana wengi hawajiulizi lilitoka wapi. Mzee Nujoma aliingia Tanganyika mwaka 1960 akiwa mkimbizi; chama chake kikafungua ofisi Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 1964 vijana wake wakafunzwa vita kambini Kongwa. Nchi yao ilipata uhuru tarehe 21 Machi, 1990, naye akawa Rais wa kwanza hadi mwaka 2005. Alipofariki Februari 2025, nilikaa barazani nikamsimulia kijana wangu jinsi tulivyokuwa tukichanga senti zetu shuleni kwa ajili ya wapigania uhuru. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Baba, hiyo nchi mliyoichangia umewahi kuiona?" Sikuwa na jibu. Miezi michache baadaye akanijia na tikiti nne. Alikuwa amedunduliza kwa miaka miwili bila kumwambia mtu.

Basi Agosti tukapanda ndege, tukapitia Johannesburg, tukashuka Windhoek, mji mkuu uliojengwa katika nyanda za juu, kiasi cha mita 1,650 kutoka usawa wa bahari. Baridi ya asubuhi ilinikumbusha Njombe. Ukitaka kuielewa nchi ile, zingatia hesabu hii: eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 824,000, halipungui sana kuliko letu la 945,000, lakini hesabu ya watu ya mwaka 2023 iliwakuta wananchi wapatao milioni tatu tu, ilhali sisi mwaka 2022 tulikuwa karibu milioni 62. Waweza kuendesha saa nzima usipishane na gari hata moja. Jambo hilo laonekana kuwa la raha mpaka pale unapopatwa na shida.

Gari tulilopewa lilikuwa pikapu ya milango minne, lenye kuvuta kwa magurudumu yote, na juu ya paa lake limefungwa mahema mawili yanayokunjuliwa jioni kama kitabu na kupandwa kwa ngazi. Nyuma mlikuwa na jiko la gesi, jokofu dogo, madumu ya maji, na matairi mawili ya akiba. Nilipoyaona yale matairi mawili nilicheka. Binti aliyetukabidhi hakucheka. Alituketisha mbele ya luninga, akatuonyesha filamu ya magari yaliyopinduka, moja baada ya jingine, yote katika barabara tupu isiyo na gari jingine. Kisha akafungua mkataba akauliza, "Nani ataendesha?"

Tukajibu kwa sauti moja, mimi na kijana. Akayaandika majina yote mawili.

Sheria ya nchi yaruhusu mwendo wa kilomita 120 kwa saa juu ya lami, na 100 juu ya changarawe. Lakini mkataba wetu ulisema changarawe mwisho 80, na garini kulikuwa na chombo kidogo cha kupiga kelele na kuandika kila unapozidisha. Gari hupita mkono wa kushoto kama kwetu. Nikamwambia kijana kwamba filamu ile imetengenezwa kwa ajili ya Wazungu wanaozaliwa juu ya lami. Mimi nilianza kushika usukani mwaka 1979, Land Rover ya idara. Nimepita Tunduru wakati wa masika, nimelala Mpanda ndani ya tope. Nani atanifundisha barabara ya vumbi? Mama watoto alinitazama, hakusema neno. Na kweli, msomaji wangu, kulikuwa na jambo jingine nililolijua mimi na nikalinyamazia. Nitalitaja mahali pake.

Tuliondoka Windhoek kuelekea kusini-magharibi, na mwendo haukuwa mrefu lami ikatuaga. Changarawe ya Namibia si kama barabara yetu ya vumbi, na hapo ndipo ujuzi wangu wa Tunduru ulipoanza kunipoteza. Matope humkamata dereva na kumpunguzia mwendo, apende asipende. Changarawe humbembeleza. Barabara ni pana, imenyooka, imepigwa greda vizuri, unajiona kama uko juu ya lami. Walakini mawe madogo yaliyolala juu ya udongo mgumu ni kama punje za mahindi zilizomwagwa sakafuni: gurudumu halikanyagi ardhi, lateleza juu ya punje. Mahali pengine pana mawimbi madogo madogo kama migongo ya bati, na gari hutetemeka hadi meno yakagongana. Ukiongeza mwendo mtetemeko hupungua, nawe hufurahi, kumbe magurudumu sasa yanarukaruka hewani na hayana mshiko. Kila ukingo una tuta la mawe yaliyosukumwa na greda. Gurudumu moja likiingia humo, dereva hushtuka akakata usukani kwa nguvu, na gari refu lenye mahema juu ya paa halihitaji msaada mwingine wa kupinduka.

Siku mbili za kwanza tuligawana zamu vizuri. Tulilala Sesriem, kwenye mlango wa bahari ya mchanga ya Namib, ambayo mwaka 2013 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Alfajiri lango lilipofunguliwa tulifuata bonde lenye lami kwa kilomita 60 hivi, kushoto na kulia vilima vya mchanga vikibadilika rangi kadiri jua lilivyopanda: zambarau, kisha nyekundu ya kutu, kisha rangi ya boga lililoiva, na upande wa pili wa kila kilima kivuli cheusi kana kwamba kimekatwa kwa kisu. Kilomita tano za mwisho ni mchanga mtupu. Pale kijana alishuka, akapunguza upepo wa matairi ili yatanuke na kukanyaga eneo kubwa zaidi, akatuvusha taratibu huku magari mawili ya wajuaji yakiwa yamezama hadi ekseli. Nilimsifu moyoni, kwa mdomo nilimwambia tu kwamba hata sisi zamani tulifanya hivyo.

Mahali paitwapo Deadvlei ndipo mama watoto alipokaa kimya kwa muda ambao sijapata kuushuhudia katika ndoa yetu. Ni kama sahani ya udongo mweupe, imekauka ikapasuka, imezungukwa na milima ya mchanga, na mmoja wao unazidi mita 300. Ndani ya sahani hiyo imesimama miti ya jamii ya mgunga, myeusi kama mkaa. Imekufa, yasemekana, miaka 600 au zaidi iliyopita, baada ya mchanga kuuziba mto uliokuwa ukiinywesha. Na kwa kuwa hewa ni kavu mno, haikuoza. Imebaki imesimama. Mama watoto alivua viatu akautembelea mti mmoja mmoja kama mtu anayezungukia wagonjwa wodini. Kitindamimba akamwuliza anafanya nini. "Nawasalimia," akasema.

Siku ya tatu ikawa zamu yangu.

Kutoka Solitaire, kijiji cha pampu ya mafuta, mkate na magari chakavu yaliyozikwa nusu mchangani, barabara huelekea pwani ya Walvis Bay kwa zaidi ya kilomita 200. Tulipiga picha kwenye kibao cha Tropiki ya Kaprikoni, tukaendelea. Mwendo ulikuwa 80. Baadaye, nakiri, ulikuwa 95, na kile chombo kikapiga kelele mara tatu. Kijana akasema, "Baba, mwendo." Nikasema nimeuona. Tukaingia pindo moja la kushoto, na mara nikasikia, "Baba! Choroa!"

Choroa ni mnyama mkubwa, kifua kama cha ng'ombe, pembe mbili ndefu zilizonyooka kama mikuki. Mimi nilimwona akiwa tayari mbele ya boneti. Nikakanyaga breki kwa miguu yangu yote. Sitaki kukuficha: hilo ndilo hasa filamu ilikuwa imekataza. Gari liliacha kunisikiliza. Mkia ulikwenda kulia, nikakata usukani, ukaenda kushoto, nikasikia kijana akisema kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayembembeleza mtoto alale, "Toa mguu, Baba. Toa mguu. Uache usukani ujirudi." Nikautoa. Tulisimama tukiwa tumegeukia tulikotoka, gurudumu la nyuma limepasuka ukutani, vumbi linatupita kimya kimya kwenda zake. Choroa alikuwa amesimama palepale, anatutazama.

Hakuna aliyeumia. Mama watoto alikuwa ameushika mkanda wake kwa mikono miwili, na alichukua muda kuiachia. Tukashuka, tukaweka jeki juu ya ubao, tukafungua nati. Lile tairi la akiba nililolicheka likafungwa. Nikasema mnyama yule ametokea ghafla. Kijana akajibu, "Hakutokea, Baba. Alikuwa amesimama upande wa kushoto tangu mbali." Nikamwambia asinifanye mtoto. Toka hapo akaendesha yeye hadi pwani, na ndani ya gari hakikusikika kitu ila mawe yakigonga sakafu.

Sasa nawajibu wanaouliza habari ya jangwa na bahari. Naam, vinagusana. Kati ya Walvis Bay na Swakopmund, kiasi cha kilomita 30, mkono mmoja una mchanga na mkono wa pili una Atlantiki, na hapana mnazi hata mmoja wa kukuambia kwamba uko pwani. Maji ni baridi, kwa kuwa mkondo uitwao Benguela huyaleta kutoka kusini. Upepo upitao juu yake hupoa, hauinuki kuwa mvua, hugeuka ukungu unaoingia bara asubuhi nyingi. Wanyama wa jangwa huishi kwa ukungu huo. Yupo mbawakawa mmoja ambaye hupanda juu ya mchanga alfajiri, akasimama kichwa chini na mgongo juu, matone ya ukungu yakamtiririkia mpaka mdomoni. Upo na mmea uitwao welwitschia, wenye majani mawili tu tangu kuzaliwa hadi kufa, yanayopasuliwa na upepo yakawa kama matambara. Mingine imeishi zaidi ya miaka 1,000.

Swakopmund ni mji safi wenye nyumba za Kijerumani, mikahawa na keki. Watoto waliupenda. Mimi na mama watoto tulikwenda pembeni mwa mji, kwenye makaburi. Upande mmoja yako makaburi ya mawe yenye majina. Ng'ambo yake, mchangani, viko vituta vidogo vidogo visivyo na jina, vingi mno, vimetapakaa hadi jicho linapochoka. Hao ni Waherero na wenzao waliokufa katika kambi za Wajerumani. Tarehe 2 Oktoba, 1904 jenerali von Trotha alitoa amri ya kuwaangamiza Waherero. Wengi walisukumwa jangwani wakafa kwa kiu, na walionusurika, pamoja na Wanama, wakakusanywa makambini wafanye kazi hadi kufa. Mauaji hayo yaliendelea hadi mwaka 1908. Mwaka 1905, mtawala huyohuyo, bendera hiyohiyo, Maji Maji ililipuka kwetu. Mama watoto ni mtu wa Songea. Babu wa bibi yake hakurudi kutoka vita hivyo na kaburi lake halijulikani. Serikali ya Ujerumani iliyaita mauaji ya Namibia kuwa ya kimbari mwaka 2021, na Novemba 2023 Rais wake alifika Songea akaomba radhi. Mama watoto aliokota jiwe dogo jeupe, akaliweka juu ya kituta kimoja, akasema twende.

Kesho yake nilitwaa ufunguo mapema kabla ya chai. Barabara ya kaskazini imetengenezwa kwa chumvi. Ikikauka ni ngumu kama saruji, ikiloweshwa na ukungu huteleza kama sabuni, na asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito. Niliendesha kwa kilomita 50 kwa saa, pua karibu na kioo, na hakuna aliyenihimiza. Tuliyaona mabaki ya meli ya uvuvi Zeila, iliyokwama mwaka 2008, ndege weusi wamejaa juu yake. Tulifika Cape Cross, ambako Mreno Diogo Cão alisimika msalaba wake mwaka 1486, na ambako leo sili, wale wanyama wa bahari wenye manyoya na mapezi, wamelala kwa makumi ya maelfu, wakilia kama mbuzi na kutoa harufu ambayo siwezi kuiandika katika gazeti linalosomwa wakati wa chakula. Huko Kijana akaomba ufunguo kwa adabu, akisema hifadhi ya Skeleton Coast haimruhusu msafiri wa kupita tu kuingia baada ya saa tisa alasiri na tumechelewa. Nikampa, nikijifanya nimechoka. Langoni mmewekwa mifupa ya nyangumi na picha ya fuvu la mtu. Ndani hamna kitu ila changarawe ya kijivu na sauti ya mawimbi. Watoto walisema panatisha. Mimi nilipata usingizi.

Tairi la pili lilikatwa na jiwe siku iliyofuata, karibu na Khorixas, akiendesha kijana kwa mwendo wa 70. Nisikufiche tena: nilifurahi. Tukafika Outjo, mji mdogo wa mwisho kabla ya mbuga ya Etosha, tukatafuta fundi pancha. Fundi alipomaliza nikanyoosha mkono nipewe ufunguo. Kijana akaufumba kiganjani.

"Baba, niache niendeshe mpaka mwisho."

"Nani amekuambia mimi siwezi?"

"Sikusema huwezi. Nasema hukumwona yule choroa."

Hapo, msomaji, yalitoka maneno ambayo baba na mwana hawapaswi kuambiana mbele ya watu, na tuliyasema kwa sauti kubwa, tukijua kwamba Outjo nzima haielewi Kiswahili. Mama watoto alikuwa anatuomba tunyamaze. Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa ameketi juu ya kiti cha plastiki kando ya ukuta, kofia imefunika macho, akasema taratibu:

"Ndugu zangu, kabla hamjaendelea mbele, ni haki yenu kujua kwamba mimi ninasikia."

Laiti ardhi ingefunguka. Kijana alimshikia mkono kwa heshima zote, "Shikamoo, mzee," naye akaitikia "Marahaba" ya Kidodoma kabisa. Alikuwa ameishi Kongwa katika miaka ya 60, kijana wa miaka 20 hivi. Alikumbuka baridi ya Juni, ugali wa mtama, na Mgogo mmoja aliyemfundisha kuhesabu kwa Kiswahili wakati wanachimba handaki. Alitaka kujua kama treni bado inapita Dodoma. Tulimwambia hata ya umeme sasa inapita. Tuliongea kiasi cha nusu saa, naye hakugusia ugomvi wetu hata kidogo, ila tulipoagana alinivuta pembeni akaniuliza umri. Nikamwambia miaka 69. Akaniambia kwamba yeye usukani aliuacha mwaka alioanza kuwasalimia watu kwa kukisia. Kisha akarudi kwenye kiti chake.

Kijana akaendesha. Ni zaidi ya kilomita 100 za lami kutoka Outjo hadi kambi ya Okaukuejo, na sikusema kitu njia nzima.

Etosha ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1907. Ina kilomita za mraba zaidi ya 22,000, na katikati yake umelala uwanda wa chumvi wa kilomita za mraba 4,800 hivi, mweupe, usiokuwa na jani. Serengeti ina nyasi na mito, na ni lazima umtafute mnyama. Kule wakati wa kiangazi mnyama hana budi kuja majini, nawe huegesha gari karibu na chemchemi, ukazima injini, ukangoja. Kushuka ni marufuku, na jua likichwa sharti uwe kambini. Tuliona pundamilia wakipanga foleni, tembo weupe kwa vumbi kama waliopakwa chokaa, na twiga aliyechukua robo saa kuamua kama ainame anywe au asinywe.

Kambini lipo lambo lililozungukwa na ukuta mdogo wa mawe na taa kubwa zinazowaka usiku kucha. Watu hukaa kwenye mabenchi wakiwa wamejifunika mablanketi, hakuna anayenong'ona. Saa tatu usiku alikuja faru mweusi, peke yake kama nilivyodhani, akasimama majini kwa heshima ya jaji. Mama watoto akanishika mkono. "Mtoto wake mzuri," akasema.

"Mzuri sana," nikasema.

Kimya. Kisha akaniuliza polepole, "Yuko upande gani, baba watoto?"

Nilitazama lile lambo lote. Niligeuza kichwa, nikakirudisha. Mama watoto hakuniondolea macho, wala hakuuachia mkono wangu. Ndipo nikamwambia lile jambo nililolinyamazia: kwamba tangu mwaka jana jicho langu la kushoto lina ukungu kama ule wa Swakopmund, kwamba daktari aliniambia ni mtoto wa jicho, upasuaji wake hauchukui hata saa moja, kwamba niliogopa kisu, na niliogopa zaidi kwamba watoto wakijua wataninyang'anya usukani. Alinisikiliza, akasema, "Nilijua tangu uanze kulisoma gazeti hili upande mmoja wa uso." Aliona choroa siku ile kabla ya kijana kupiga kelele. Hakusema, kwa sababu hakutaka kunifedhehesha mbele ya wanangu. Tukatazamana. Watu wanne garini, na wawili miongoni mwao walikuwa tayari wapinduke kuliko kusema neno.

Mtoto wa faru, nimeambiwa, alikuwa upande wa kushoto, anamnyonya mama yake.

Asubuhi nilimwita kijana nikamweleza. Alinyamaza, kisha akasema pole, kisha akafungua mlango wa mbele wa abiria akanirekebishia kiti. Kutoka hapo hadi Namutoni, na kutoka Namutoni hadi Windhoek, nilikuwa mtazamaji wa ndege na msomaji wa ramani, kazi ambayo kitindamimba aliniachia kwa masharti. Mwenye gari alitukata fedha za tairi moja, lile langu, kwa kuwa chombo chake kilikuwa kimeandika kilomita 95. Nimemlipa kijana nusu. Nusu nyingine ameikataa, na bado tunabishana. Kwa hiyo, mama wa Tabora, jibu lako ni ndiyo, tulirudi tukiongea.

Nimeandikiwa kufika hospitali Jumatano hii asubuhi. Watalifunga jicho kwa siku kadhaa, na makala ya Jumapili ijayo nitamtajia mama watoto aiandike. Ameshanionya kwamba akiona neno asilokubaliana nalo atalirekebisha bila kuniuliza.